KUCHAGUA RAMU YA KOMPYUTA UNAYOIUNGA MWENYEWE

Na mwanafunzi wa darasa la mwisho



Siku hizi vijana wengi wa pwani hii ya Ziwa Mweru, tangu Puta hata Nchelenge, wameanza kuunga kompyuta zao wenyewe. Mmoja huletewa bodi kutoka Lusaka, mwingine hupata sanduku la chuma kutoka Lubumbashi kwa njia ya Pweto, na wa tatu hununua diski ya ofisi iliyofungwa. Kazi hii ni njema, maana humfundisha mtu, tena hupunguza gharama. Lakini kipande kimoja huwapotezea watu fedha kuliko vingine vyote, nacho ni ramu. Aliyenunua sanduku baya bado atalitumia. Aliyenunua ramu isiyopatana na bodi yake amenunua kipande cha kuwekea alama kitabuni. Na kwetu sisi duka la kuirudishia liko mbali: ni safari ya basi mchana na usiku.

Basi katika somo hili nataka tujifunze ramu ni kitu gani, jinsi ya kuichagua, na jinsi ya kuipima ikifika. Msomaji asiogope hesabu. Ni za kuzidisha na kugawanya tu.

1. RAMU NI NINI

Mnajua nyote jinsi chisense wanavyokaushwa. Magunia yapo ghalani, yamefungwa. Mama akitaka kuchambua samaki hachambui ndani ya gunia. Huwamwaga juu ya mkeka, akawatandaza, akageuza na kuchagua. Jioni ikifika hukusanya vyote, na mkeka hubaki mtupu.

Katika kompyuta, ghala ni diski. Mwenye kuchambua ni prosesa. Mkeka ni ramu. Kila barua unayoandika, kila picha unayofungua, kila programu inayofanya kazi, hutolewa katika diski ikatandazwa katika ramu, kwa kuwa prosesa haina subira ya kufungua magunia. Na umeme ukikatika, mkeka hukunjwa papo hapo. Kilichokuwa juu yake bila kuhifadhiwa diskini kimepotea. Waliokuwa wakiandika kwa kompyuta mwaka 2024, ukame uliposhusha maji ya Kariba na umeme ukakatwa saa nyingi kila siku katika Zambia nzima, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mkeka ukiwa mdogo kazi haisimami, bali huwa ya taabu. Mama hulazimika kurudisha samaki wengine guniani ili apate nafasi ya wengine, kisha kuwatoa tena. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: hukopa nafasi katika diski. Hapo ndipo uonapo taa ya diski ikiwaka bila kukoma, nayo barua uliyoibonyeza haifunguki.

Tofauti ya mwendo kati ya ramu na diski ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ramu hujibu kwa muda wa nanosekunde mia moja hivi, na nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Diski ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde 10, yaani nanosekunde 10,000,000. Diski mpya isiyozunguka, ambayo wafanya biashara huiita SSD, huhitaji kama nanosekunde 100,000. Tufanye mfano. Kama ramu ingejibu kwa sekunde moja, SSD ingejibu baada ya dakika 17 hivi, na diski ya kuzunguka ingejibu baada ya saa 27 na zaidi. Ni kama kumwomba mtu kisu kilicho mkononi mwake, au kumtuma akakilete kwa jirani, au kumtuma akakinunue Mansa.

2. ASILI YAKE KWA UFUPI

Zamani kumbukumbu ya kompyuta ilifumwa kama wavu. Vipete vidogo vya sumaku vilitungwa katika makutano ya nyaya nyembamba, na kila kipete kilishika biti moja, yaani ndiyo au siyo. Kompyuta iliyoongoza chombo cha Apollo hata mwezini mwaka 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, ya kuandikika na kufutika, ya maneno 2,048 tu, ambayo ni karibu kilobaiti 4. Kumbukumbu yake nyingine, ile isiyofutika, ilifumwa kwa mkono na wanawake mafundi katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Fundi wa nyavu wa Kashikishi angeielewa kazi yao mara moja.

Mwaka 1966 Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM, alifikiri njia ya kushika biti moja kwa transista moja na kapasita moja ndogo sana. Kapasita ni kama ndoo ya umeme: ikijaa ni moja, ikiwa tupu ni sifuri. Walakini ndoo hii yavuja. Kwa hiyo ramu ya leo husomwa na kujazwa upya kila baada ya milisekunde 64 au pungufu, yaani zaidi ya mara 15 kwa sekunde moja, muda wote kompyuta iwapo macho. Ndiyo sababu husahau umeme ukatikapo.

Mwaka 1970 kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024. Kijiti kimoja cha leo cha gigabaiti 16 kina biti nyingi kuliko chipu 134,000,000 za namna ile. Siku hizi sehemu kubwa ya chipu za ramu duniani hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea ya Kusini, na Micron ya Marekani. Majina mengine mengi uyaonayo juu ya vijiti ni ya wale wanaonunua chipu hizo na kuzipanga.

3. KWANZA ULIZA BODI

Kosa la wengi ni kwenda dukani na kuuliza, "Ramu nzuri ni ipi?" Swali hilo halina jibu. Kwanza tazama bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi, ulisome jina lake lililochapwa juu yake, kisha utafute kitabu chake. Bodi ndiyo yenye kusema inakubali ramu ya kizazi gani, vijiti vingapi, na ukubwa gani mwisho.

Vizazi vitatu ndivyo tuvionavyo sana:

DDR3: kanuni yake ilitangazwa mwaka 2007, pini 240, umeme volti 1.5.
DDR4: mwaka 2012, pini 288, volti 1.2.
DDR5: mwaka 2020, pini 288, volti 1.1.

Twaona kwamba DDR4 na DDR5 zina pini sawasawa kwa hesabu. Mtu asidanganyike. Pengo dogo lililokatwa katikati ya pini halipo mahali pamoja, na limewekwa hivyo kusudi ili kijiti cha kizazi kingine kisiingie. Kikikataa kuingia, usikisukume kwa nguvu, kinakwambia kweli.

Tena kuna vijiti vifupi vya kompyuta za kukunja. Hivyo haviingii katika kompyuta ya mezani hata kidogo.

Hatari kubwa zaidi ni vijiti vya seva. Kompyuta za mabenki na makampuni zikistaafu, ramu zake huuzwa kwa bei ndogo sana, tena kwa ukubwa wa kutamanisha. Vijiti vya DDR4 vya seva vina pini 288 na pengo mahali pale pale, vyaingia vizuri katika bodi ya kawaida, na kompyuta haiwaki. Sababu ni kwamba vina chipu ya nyongeza inayopokea amri kwa niaba ya zile nyingine, na bodi ya kawaida haijui kusema nayo. Mwenzetu mmoja aliuziwa viwili vya namna hiyo na mfanya biashara mmoja wa mjini. Hata leo vipo katika sanduku lake, vizima, wala havina kazi.

4. KUSOMA KARATASI ILIYOBANDIKWA

Mwenye kujua kusoma karatasi ya kijiti hadanganyiki kwa urahisi. Tuchukue mfano huu:

8GB 1Rx8 PC4-2666V-UA2-11

8GB ni ukubwa. 1Rx8 maana yake chipu zimepangwa safu moja, na kila chipu hutoa biti 8 kwa mara moja. PC4 maana yake ni DDR4. Ingekuwa PC3 ingekuwa DDR3. 2666 ni mwendo, yaani mapokeo milioni 2,666 kwa sekunde. Herufi V hueleza kiasi cha kukawia, nasi tutakieleza mbele. Kisha yaja herufi iliyo kubwa kuliko zote kwa maana: U. Hiyo ndiyo ya kompyuta ya mezani ya kawaida. Ikiwa ni S, kijiti ni cha kompyuta ya kukunja. Ikiwa ni R au L, ni cha seva. Kirudishe mezani kwa muuzaji, useme asante.

Pengine utakuta PC4-21300 au PC3-12800. Usishtuke. Hiyo ni hesabu ya megabaiti kwa sekunde. Kila pokeo moja huchukua baiti 8, basi gawanya kwa 8: 12,800 ÷ 8 = 1,600, nayo ni DDR3 ya mwendo wa 1600. Vivyo hivyo 21,300 ÷ 8 ni karibu 2,666.

5. UKUBWA

Sasa twaja kwenye jambo lenye faida kuliko mwendo. Mkeka mdogo wenye kwenda mbio bado ni mkeka mdogo.

Gigabaiti 4 zatosha kuandika barua na hesabu kwa Linux nyepesi. Windows 11 hutaka gigabaiti 4 kama kiasi cha chini kabisa, lakini kiasi cha chini si kiasi cha raha. Gigabaiti 8 zatosha kazi za kawaida za shule na za ofisi ndogo. Gigabaiti 16 humpa mtu nafasi ya kufungua kurasa nyingi za intaneti, kuchora, na kujifunza kuandika programu bila kuhesabu hesabu. Gigabaiti 32 ni za wenye kutengeneza filamu au kazi nyingine nzito. Asiyejua kama anazihitaji, hazihitaji.

Jihadharini na jambo moja: mfumo wa biti 32 kwa kawaida hauwezi kuhesabu anwani zaidi ya gigabaiti 4. Ukitia gigabaiti 8 katika kompyuta yenye Windows ya kale ya biti 32, umenunua nyingine za kulala. Badili mfumo kwanza. Kadhalika Windows 10 iliacha kupewa marekebisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayeunga kompyuta sasa afikiri tangu mwanzo atatumia mfumo gani.

Njia bora ya kujua ukubwa unaokufaa ni kupima. Keti mbele ya kompyuta ya shule au ya rafiki, fungua vyote uvitumiavyo kwa siku ya kazi nyingi, kisha katika Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, utazame ramu inayotumika ni kiasi gani. Katika Linux andika amri free -h. Ongeza theluthi juu ya kiasi hicho kwa ajili ya siku za mbele. Hiyo ndiyo saizi yako, wala si ya jirani yako.

6. KIJITI KIMOJA AU VIWILI

Bodi nyingi za mezani zina njia mbili kati ya prosesa na ramu. Ukitia kijiti kimoja, njia moja hukaa bure. Ukitia viwili vilivyo sawa, kila kimoja katika njia yake, mizigo hupita kote kote. Kijiti kimoja cha 2666 huweza kupitisha 2,666 × 8, yaani karibu gigabaiti 21.3 kwa sekunde. Viwili karibu 42.6. Si kwamba kompyuta yote itakwenda mara mbili, la. Anayeandika barua pengine hataona tofauti. Lakini kompyuta isiyokuwa na kadi ya picha, ambayo picha zake huchorwa na prosesa yenyewe, hukopa sehemu ya ramu kwa kazi hiyo, nayo ndiyo hufaidi sana njia mbili.

Katika bodi yenye matundu manne, vijiti viwili kwa kawaida hutiwa katika tundu la pili na la nne, kwa kuhesabu tangu upande wa prosesa. Hata hivyo soma kitabu cha bodi, maana neno lake ndilo la mwisho.

7. MWENDO NA KUKAWIA

Wauzaji hupenda kutaja mwendo: 2666, 3200, 3600, 6000. Ni kweli mwendo mkubwa ni bora, ila kwa masharti mawili.

Sharti la kwanza, bodi na prosesa ziukubali. Kijiti cha 3600 kikitiwa katika bodi yenye mwisho wa 2666 hufanya kazi kwa 2666, na fedha za ziada zimeliwa. Kadhalika kijiti cha kasi, hata katika bodi inayokikubali, huanza kwa mwendo wa kawaida mpaka uingie katika BIOS na kuwasha XMP, au EXPO kwa ramu za DDR5 zilizoandaliwa kwa prosesa za AMD.

Sharti la pili, tazama na kukawia. Ramu ikiamriwa haitoi jibu papo hapo. Hungoja midundo kadhaa, nayo huandikwa CL16, CL19, CL36 na kadhalika. Mtu huona 36 akadhani ni mbaya kuliko 16. Hawezi kujua mpaka afanye hesabu hii:

kukawia kwa nanosekunde = CL × 2,000 ÷ mwendo.

DDR4 ya 2666 CL19: 19 × 2,000 ÷ 2,666 = 14.25.
DDR4 ya 3200 CL16: 16 × 2,000 ÷ 3,200 = 10.
DDR5 ya 6000 CL36: 36 × 2,000 ÷ 6,000 = 12.
DDR5 ya 6000 CL30: 30 × 2,000 ÷ 6,000 = 10.

Twaona basi kwamba DDR4 ya 3200 CL16 huanza kujibu upesi kidogo kuliko DDR5 ya 6000 CL36, ijapokuwa ile ya DDR5 hubeba mizigo mingi zaidi ikishaanza. Ni kama mitumbwi miwili: mmoja mdogo huondoka upesi ufukoni, mwingine mkubwa hukawia kidogo lakini hubeba magunia mengi.

8. MFANO WA NYUMBANI KWETU

Mafundisho bila mfano hayashiki, kwa hiyo nitaeleza jinsi tulivyochagua nyumbani kwetu Puta.

Kaka yangu, aliyesoma shule hii, alituletea bodi ya Intel ya namna ya H410 pamoja na prosesa Core i3-10100. Bodi hiyo ina matundu mawili ya DDR4, na kwa prosesa hiyo mwendo hauzidi 2666. Diski ilikuwa ya kuzunguka, ya zamani. Umeme wetu ni wa jua, na betri. Fedha za kukamilisha zilitoka kwa mjomba, ndugu wa mama yangu, ambaye ndiye anisomeshaye. Nazo hazikuwa fedha za kuchezea. Kwetu uvuvi hufungwa tangu mwanzo wa Desemba hata mwisho wa Februari ili samaki wazae, na alichoweka mvuvi hata Novemba ndicho kitakacholisha nyumba miezi hiyo mitatu. Kompyuta ilitakiwa iandike barua na maombi ya watu kwa malipo, ili nyumba ipate kitu wakati nyavu zimeanikwa.

Nilimwonyesha mjomba karatasi yenye njia tatu. Ya kwanza, vijiti viwili vya gigabaiti 8, mwendo 3600, vyenye taa za rangi. Ya pili, vijiti viwili vya gigabaiti 4, mwendo 2666. Ya tatu, kijiti kimoja cha gigabaiti 8, mwendo 2666, pamoja na SSD ya gigabaiti 240.

Mjomba hajui kompyuta, lakini anajua kununua nyavu. Aliniuliza, "Mpwa wangu, katika hivi vyote kipi kitafanya kazi, na kipi ni pambo?"

Nikamjibu, "Mjomba, taa ni pambo. Na ule mwendo wa 3600, bodi yetu haiufikii."

Njia ya kwanza ikafutwa. Ya pili ilikuwa na uzuri wake, maana ingetumia njia zote mbili. Lakini ingejaza matundu yote mawili, na siku ya kuongeza tungelazimika kuvitoa vijiti vizima na kuvitupa. Tena nilikuwa nimepima kazi yetu katika kompyuta ya shule: barua, kurasa nane za intaneti, na picha za vitambulisho zilitumia gigabaiti 5 na kidogo. Gigabaiti 8 zilitosha. Kilichotukawiza kilikuwa diski, na mkumbuke ile hesabu ya dakika 17 na saa 27. Ndiyo maana tulichagua njia ya tatu. Tulipoteza kitu: njia moja ya ramu inakaa bure kwa sasa. Lakini tundu moja liko wazi, na fedha ya kijiti cha pili kilicho sawa na hiki itatoka katika barua zenyewe.

"Wavu wa nusu unaoongezeka," alisema mjomba, "si sawa na wavu mzima uliokwisha toboka." Kisha akahesabu zile kwacha mara mbili, akanipa.

9. IKIFIKA, IPIME

Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji siku za kurudisha, tena kwa maandishi. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za ramu zilipanda upesi duniani, kwa sababu watengenezaji waligeuza viwanda vyao kuhudumia kompyuta kubwa za akili bandia. Bei ikipanda, vijiti vya kughushi na vya kale vilivyobandikwa karatasi mpya navyo huongezeka.

Kijiti kikifika, zima kompyuta na kung'oa waya wa umeme. Gusa chuma cha sanduku, ili umeme wa mwilini uondoke. Shika kijiti kwa kingo zake, wala usiguse pini za dhahabu. Linganisha pengo na jino la tundu, sukuma sawasawa pande zote mbili mpaka usikie klipu ikilia. Kompyuta isipowaka, pengine ni uchafu: hewa ya ziwani na vumbi letu huacha utando. Futa pini polepole kwa kifutio safi cha kalamu ya risasi, pangusa mabaki, urudishe.

Ikiwaka, ingia katika BIOS uone ukubwa na mwendo. Halafu pima kwa programu ya bure iitwayo Memtest86+, ambayo huwekwa katika flashi na kuanza kabla ya mfumo wowote. Iache imalize mzunguko mzima, hata ikichukua saa kadhaa. Kosa likionekana hata moja, kijiti kirudishwe. Usiseme, "Ni moja tu kati ya mabilioni." Kosa hilo moja laweza kuangukia katika barua ya maombi ya mtu, au kuharibu faili ambalo hutalitambua mpaka mwezi ujao.

10. KWA NDUGU ZETU MLIOMALIZA

Nawaomba neno moja ninyi mlioko Lusaka, Kitwe, Lubumbashi na kwingineko. Mara kwa mara mnaikumbuka shule na kutuletea vipande vya kompyuta, nasi twashukuru sana. Lakini kabla ya kununua, tafadhali tuandikieni kwanza, tuwape jina la bodi na maneno ya karatasi ya kijiti kilichomo. Kijiti kimoja cha gigabaiti 4 kinachopatana kitafundisha darasa zima. Vijiti kumi vya seva vitafundisha somo moja tu, nalo mmekwisha lisoma hapa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kijiti kimeandikwa PC3-10600. Ni cha kizazi gani, na mwendo wake ni upi?
2. Ipi huanza kujibu upesi: DDR4 ya 3200 CL22, au DDR4 ya 2666 CL19? Onyesha hesabu.
3. Muuzaji anatoa gigabaiti 16 kwa bei ya 8. Karatasi inasema 16GB 2Rx4 PC4-2400T-R. Utamjibu nini, na kwa sababu gani?
4. Kompyuta ina gigabaiti 8 na diski ya kuzunguka. Kazi yako hutumia gigabaiti 5. Una fedha ya kununua kitu kimoja. Nunua nini?
5. Kwa nini ramu husahau umeme ukikatika, na diski haisahau?

Atakayepata yote matano aje chumba cha kompyuta siku ya Jumamosi. Kuna bodi mbili zinazongoja kuungwa, na bisibisi tunayo moja tu.